Uvimbe Unaouma na Uvimbe Usiouma

Titi likiuma, mwanamke huenda hospitali. Lisipouma, husubiri. Kanuni hii haijaandikwa popote, lakini ndiyo inayoamua nani anafika hospitali ya Bugando mapema na nani anafika akiwa amechelewa, na ubaya wake ni kwamba inakwenda kinyume na ugonjwa wenyewe. Uvimbe uliojitokeza ghafla, unaobana na kuchoma hadi mama anashindwa kulalia upande mmoja, mara nyingi ni kifuko cha maji kisicho na hatari. Ule mgumu, usiosogea, ambao hata ukiubonyeza hauumi, ndio wa kuogopwa.

Bugando, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachoitazama Mwanza, imekuwa ikiona matokeo ya kanuni hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2011 Peter Rambau na wenzake walichapisha kumbukumbu za miaka tisa za saratani ya matiti kaskazini-magharibi mwa Tanzania: wagonjwa zaidi ya 300, wastani wa umri wao haukufika miaka 50, na wengi walifika ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Tathmini ya kitaifa ya mwaka 2017 ilisema hivyo hivyo kwa nchi nzima: takriban wagonjwa 8 kati ya 10 hugunduliwa katika hatua ya tatu au ya nne.

Katika mazingira hayo inakuja teknolojia inayoitwa elastografia, yaani utrasaundi inayopima ugumu na ulaini wa nyama badala ya kuonyesha umbo lake tu. Mashine nyingi mpya zinazouzwa sasa zinakuja na uwezo huo, au unaongezwa kwa kulipia programu. Mwuzaji atakuambia inatofautisha uvimbe mbaya na mzuri bila sindano wala kisu. Je, ina kazi gani kwa mwanamke wa Ilemela, Sengerema au Ukerewe aliyekuja kwa sababu titi linamuuma? Jibu langu, nikilitanguliza, ni kwamba kwa kivimbe kinachouma kazi yake ni ndogo. Kazi yake kubwa iko kwa ule usiouma, na hata huko itabidi tuitumie kwa namna ambayo waliobuni vipimo vyake hawakuikusudia.

Tuanze na kivimbe chenyewe. Ndani ya titi mna tezi ndogo ndogo za maziwa, kila kishada kikiwa na kijifereji chake. Homoni zinazopanda na kushuka kila mwezi huzijaza tezi hizo na kuzifanya zinywee tena. Kijifereji kikiziba, au maji yanayotolewa yakizidi yanayofyonzwa, tezi hutanuka na kujiunga na jirani zake mpaka panakuwa na kifuko kimoja chenye maji. Hicho ndicho madaktari wanakiita sisti. Hutokea zaidi kwa wanawake wa miaka 35 hadi 50, na hedhi ikishakoma kwa kawaida huacha kujitokeza. Vingi ni vidogo na mwenye navyo hajui kama anavyo. Kinachouma ni kile kilichojaa haraka, kwa sababu ukuta wake umevutwa kabla haujazoea, au kile kilichovuja kidogo na kuichokoza nyama iliyokizunguka. Ndiyo maana kivimbe cha sentimeta moja kilichojaa pomoni kinaweza kumtesa mtu kuliko cha sentimeta nne kilicholegea.

Kwenye ufuko wa Ziwa Victoria, ambako wanawake wengi huzaa mapema na kunyonyesha kwa miaka kadhaa ya maisha yao, orodha ya vitu vinavyouma ndani ya titi ni ndefu. Pana kivimbe cha maziwa, ambacho ni maziwa yaliyokwama na kuganda ndani ya mfereji uliotanuka. Pana jipu la mama anayenyonyesha, lenye joto na homa. Pana kifua kikuu cha titi, nadra lakini kipo. Na pana saratani inayolivimbisha titi zima na kulifanya jekundu, ambayo hufanana na uambukizo kiasi kwamba mama anaweza kupewa antibiotiki mara mbili, mara tatu, kabla ya mtu kushtuka. Kwa hiyo hata kauli niliyoanza nayo isichukuliwe kama hirizi. Tafiti za Ulaya na Marekani zinaonyesha kuwa mwanamke mwenye maumivu tu, bila uvimbe unaoshikika, uwezekano wake wa kukutwa na saratani hauzidi asilimia 3. Hiyo ni idadi ndogo, lakini si sifuri.

Sasa utrasaundi ya kawaida, ile ya picha nyeusi na nyeupe. Hii ndiyo inayomaliza kazi kwa wengi. Mawimbi ya sauti hupita ndani ya maji bila kurudishwa, kwa hiyo kifuko cha maji huonekana cheusi tititi, duara au yai, ukuta wake mwembamba kama uzi, na nyuma yake pameng'aa kuliko pembeni kwa sababu mawimbi yaliyopita kwenye maji hayakupungua nguvu. Sifa hizo zikikamilika, daktari anaandika kuwa ni sisti ya kawaida, na katika mfumo wa BI-RADS wa Chuo cha Radiolojia cha Marekani, unaotumika sehemu nyingi duniani, inaingia daraja la 2: haina hatari, haihitaji kukatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara, wala kufuatiliwa. Hapa elastografia haina cha kuongeza. Aliyeona maji hana haja ya kupima kama maji ni laini.

Lakini picha hiyo safi inahitaji kitu ambacho hakizungumzwi sana. Mashine za utrasaundi zilizoko kwenye vituo vya afya na hospitali nyingi za wilaya zilinunuliwa kwa ajili ya wajawazito. Probu yake, yaani kichwa kinachopitishwa juu ya ngozi, ni ile iliyopinda, yenye mawimbi ya megahezi 3 hadi 5, iliyotengenezwa kuona mtoto sentimeta 15 chini ya ngozi. Kwa titi, ambalo kinachotafutwa kiko sentimeta mbili tatu tu, probu hiyo hutoa picha yenye ukungu: kivimbe kidogo cha maji huonekana kijivu na ukuta wake hausomeki. Titi linahitaji probu bapa ya megahezi 10 au zaidi. Mashine ni ile ile, tofauti ni kichwa tu. Nikiambiwa nichague kati ya kuongeza programu ya elastografia kwenye mashine moja ya Mwanza mjini na kununua probu bapa kwa kila hospitali ya wilaya ya mkoa, sitafikiri mara mbili.

Probu ikishapatikana, matibabu ya kivimbe kinachouma hayana makuu. Mama analazwa chali, mkono ameuweka nyuma ya kichwa ili titi litandazike. Jeli ya baridi inapakwa. Daktari anakiona kifuko kwenye kioo, anasafisha ngozi, anaingiza sindano nyembamba iliyofungwa kwenye bomba la mililita 10 au 20 huku akiifuata ncha yake inavyosogea kama mstari mweupe. Ukuta wa kifuko unabonyea kidogo, kisha unaachia. Akivuta, maji yanapanda kwenye bomba: manjano hafifu, au ya kijani, wakati mwingine ya kahawia hadi kukaribia weusi, na mama akiona rangi hiyo huogopa kuliko alivyoogopa sindano. Rangi hizo zote ni za kawaida. Kwenye kioo kile kiduara cheusi kinasinyaa mpaka kuta zake zinagusana, na maumivu yaliyodumu wiki yanaisha hapo hapo kitandani. Maji yasiyo na damu humwagwa. Yakiwa na damu hupelekwa maabara. Na endapo maji yametoka lakini kidole bado kinashika kitu kigumu, kazi haijaisha: hapo panachukuliwa kinyama. Baada ya wiki nne hadi sita mama anarudi kuangaliwa kama kifuko kimejaa tena.

Nimekaa sana kwenye sindano kwa makusudi, kwa sababu ndiyo kipimo na ndiyo dawa kwa wakati mmoja, na gharama yake ni ndogo. Elastografia haiwezi kumwondolea mtu maumivu.

Basi inafanya nini? Wazo lake ni la kale kuliko mashine zote. Mnunuzi wa sangara pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, hubonyeza nyama kwa kidole gumba: kikibaki kishimo, samaki amelala, ikirudi juu, ni wa leo. Daktari anayepapasa titi anafanya jambo la jamii hiyo hiyo, ila kidole chake hakifiki kwenye kitu kidogo kilicho ndani, na hakiandiki namba. Mwaka 1991 Jonathan Ophir na wenzake huko Houston, Texas, walionyesha kuwa utrasaundi inaweza kufanya kazi ya kidole hicho: piga picha kabla ya kubonyeza, piga nyingine baada ya kubonyeza kidogo, halafu kompyuta ilinganishe kila sehemu imesogea kiasi gani. Nyama laini hubanika, ngumu hubaki kama ilivyo. Tofauti inapakwa rangi juu ya picha.

Njia hiyo ya kubonyeza ndiyo iliyotangulia hospitalini. Mwaka 2006 timu ya Itoh wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, ilitoa alama tano za kusoma rangi hizo, kutoka 1 ya uvimbe uliolainika wote hadi 5 ya uvimbe ulio mgumu pamoja na nyama inayouzunguka. Njia ya pili ilikuja baadaye kutoka Paris, kwenye maabara ya Mathias Fink na Mickaël Tanter: mashine yenyewe husukuma ndani ya nyama kwa mpigo mkali wa sauti, mpigo huo ukazaa mawimbi ya pembeni, nayo mashine ikapima yanakwenda kwa kasi gani. Kwenye mafuta ya titi mawimbi hayo hutambaa chini ya mita 2 kwa sekunde. Kwenye saratani ngumu huzidi mita 5. Kutokana na kasi hupatikana ugumu kwa kilopaskali, namba ambayo haihitaji mkono wa daktari kubonyeza.

Kivimbe cha maji kina tabia ya pekee katika njia zote mbili, na hapa ndipo mada yetu inapopata utamu. Katika mashine nyingi za Kijapani za kubonyeza, maji huzaa mistari mitatu iliyopangana, buluu juu, kijani katikati, nyekundu chini. Rangi hizo si ugumu wa kweli: kompyuta imedanganywa na maji, lakini udanganyifu huo hurudi vile vile mara nyingi, kwa hiyo umekuwa alama. Mashine za kampuni nyingine huonyesha kiduara cheusi chenye nukta nyeupe katikati. Katika njia ya Paris, mawimbi ya pembeni hayawezi kusafiri ndani ya maji mepesi, basi kifuko hubaki kitupu bila rangi yoyote. Utupu ndio jibu.

Faida inajitokeza pale picha ya kawaida inapogoma kusema. Maji ya sisti yakikaa muda mrefu hukolea: huingia chembe, mafuta, damu ya zamani, usaha. Kifuko kilichokuwa cheusi kinakuwa kijivu, na kwenye kioo hakitofautiki na nyama. Daktari anajiuliza, ni maji mazito au ni uvimbe kamili? Katika BI-RADS hilo huangukia daraja la 3, ambalo uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2, mgonjwa akaambiwa arudi baada ya miezi sita. Au daktari akiwa na wasiwasi, daraja la 4, achukuliwe kinyama. Mistari ya buluu, kijani na nyekundu ikitokea juu ya kitu kijivu cha namna hiyo, shaka hupungua sana. Mwaka 2013 toleo la tano la BI-RADS liliingiza ugumu wa nyama katika mambo yanayoandikwa kwenye ripoti ya utrasaundi, likitaja daraja tatu tu: laini, wa kati, mgumu. Ila waandishi wake walikuwa waangalifu: sura ya uvimbe na kingo zake bado ndizo zinazotangulia.

Utafiti mkubwa unaotajwa na kila mwuzaji ulitoka mwaka 2012, ukiongozwa na Wendie Berg wa Marekani, katika vituo vya Marekani na Ulaya. Uvimbe 939 ulipimwa kwa utrasaundi ya kawaida kisha kwa elastografia ya Paris. 289 ulikuwa saratani, 650 haukuwa. Kwa picha ya kawaida peke yake, wanawake 397 kati ya hao 650 wasio na saratani waliachwa salama bila kuandikiwa kinyama. Walipoongeza rangi ya ugumu, wakafika 510. Yaani wanawake 113 wangeepushwa na sindano ambayo hawakuihitaji. Ni kazi nzuri, na hakuna sababu ya kuitilia shaka.

Swali langu ni kama tatizo lililotatuliwa pale ndilo tulilo nalo hapa.

Huko Ulaya na Marekani wanawake wazima huitwa kupimwa hata kama hawajisikii chochote, na uvimbe unaopatikana ni mdogo. Katika utafiti huo nusu yake haukuzidi milimita 12 au karibu na hapo. Wanapata vivimbe vingi visivyo na maana, wanakata vinyama vingi visivyo na maana, na mfumo unatafuta njia ya kupunguza. Kanda ya Ziwa inateswa na kinyume chake. Vinyama vinavyochukuliwa ni vichache mno na huchukuliwa vikiwa vimechelewa. Wataalamu wa patholojia wa kuvisoma ni wachache. Na kati ya siku mama anaposhika uvimbe na siku anapokabidhiwa karatasi ya majibu hupita miezi. Chombo kilichobuniwa ili kupunguza vinyama, kikiletwa mahali ambapo vinyama vimepungua tayari, kinaweza kugeuka kuwa sababu nyingine ya kumrudisha mtu nyumbani. "Mashine imeonyesha ni laini, nenda." Hofu yangu kubwa iko kwenye sentensi hiyo.

Na si hofu ya bure, kwa kuwa siyo kila saratani ni ngumu. Ile inayotengeneza ute ni laini. Ile iliyokua haraka ikafa katikati huwa na tundu la majimaji ndani yake. Aina isiyo na vipokezi vyote vitatu vinavyopimwa, viwili vya homoni na kimoja kiitwacho HER2, ambayo huwapata zaidi wanawake vijana na hupatikana kwa wingi kwa wanawake wenye asili ya Afrika kuliko kwa Wazungu, ina desturi mbaya ya kuwa duara, yenye kingo laini, na hata kung'aa nyuma yake kama kifuko cha maji. Mwanamke wa miaka 34 mwenye uvimbe wa aina hiyo ndiye anayeweza kuambiwa ana sisti. Upande wa pili, jipu lenye ukuta mnene, kifua kikuu na kovu la jipu la zamani vyote ni vigumu na vitasomeka vibaya bila kuwa saratani.

Ukubwa nao unaharibu hesabu. Namba ya kilopaskali 80, inayotumiwa kama mpaka wa kutia shaka, ilipatikana kwa vivimbe vidogo vilivyo karibu na ngozi. Uvimbe wa sentimeta sita, unaojaza kioo kizima, hauachi nyama ya kawaida ya kulinganisha nayo, na mpigo wa kusukuma hufifia kabla haujafika katikati yake, mashine ikaacha pakiwa patupu. Daktari asiye mwangalifu anaweza kuusoma utupu huo kama maji. Ugumu mkubwa na maji mepesi, vitu viwili vilivyo mbali kuliko vyote, vinaweza kutoa picha moja. Dawa yake ni kuitazama kwanza picha nyeusi na nyeupe, ambayo ni nadra kuchanganya vitu hivyo viwili.

Kuna pia mitego midogo ya mkono. Ukigandamiza probu kwa nguvu, kila kitu kinakuwa kigumu, hata mafuta, na mwanamke mwenye titi linalouma hukaza kifua kabla hujamgusa. Inatakiwa probu iguse ngozi kama haigusi, mama apumue polepole, na katika njia ya kubonyeza mara nyingi mtikisiko wa pumzi na moyo unatosha. Halafu rangi: kwenye mashine fulani buluu maana yake ni gumu, kwenye nyingine gumu ni nyekundu. Picha iliyotumwa kwa simu kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwenda Mwanza bila kile kipimo cha rangi pembeni ni sawa na kutotumwa.

Kanda hii si ngeni kwa jambo la kupima ugumu, ila ni kwa njia ya ini. Kichocho cha tumbo kimeota mizizi kando ya Ziwa Victoria, na utrasaundi ya kubebeka imekuwa ikiingia vijijini na visiwani kwa muda mrefu kutazama makovu yanayozunguka mishipa ya ini. Mashine ya kupima ugumu wa ini iliyotoka Ufaransa mwaka 2003 ilisanifiwa kwa wagonjwa wa homa ya ini, ambao kovu lao husambaa ini zima. Kovu la kichocho hufuata mishipa na kuacha nyama ya katikati ikiwa laini. Mtu anaweza kuwa na bandama kubwa na kutapika damu, huku namba ya ugumu ikiwa ya chini kuliko ya mwenye sirosisi. Namba za watu wengine, magonjwa ya watu wengine. Sioni kwa nini titi litendewe tofauti: kabla mpaka wa kilopaskali 80 haujaanza kuamua nani akatwe kinyama Mwanza, inafaa upimwe kwa wanawake wa Mwanza, uvimbe wao ulivyo, kwa kulinganisha na majibu ya patholojia. Bugando na chuo kikuu cha tiba kilichoko hapo hapo kilimani, CUHAS, vina wagonjwa, vina maabara na vina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu.

Hadi hapo nimeikosoa sana. Sasa niseme pale ninapoiona ina nafasi.

Tuchukue jiografia kama ilivyo. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, kilomita 3, limeondoa foleni ya kivuko kwa watu wa Sengerema na Geita. Ukerewe bado ni maji: kutoka Nansio hadi Mwanza ni saa tatu hivi kwa meli, na anayetoka Ukara au visiwa vidogo zaidi huongeza kivuko au mtumbwi kabla ya hapo. Nauli, chakula, mahali pa kulala mjini, na dagaa walioachwa wakianikwa bila mwangalizi. Mama hawezi kusafiri mara nne kwa ajili ya uvimbe mmoja. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti uliozinduliwa Machi 2021, linataka uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipofika kituoni mara ya kwanza. Kwa mtu wa kisiwani, siku 60 zinaweza kuliwa na safari mbili na majibu yasiyokuwa tayari.

Katika hali hiyo swali la maana ni "nani asafiri leo?" wala si "nani aepushwe sindano?" Elastografia inaweza kulijibu kwa upande mmoja. Uvimbe ukionekana wa nyama kwenye picha ya kawaida, na juu yake ukawa mgumu, huyo asipangiwe miezi sita. Apelekwe wiki hii, na barua ya rufaa iseme hivyo wazi. Ukiwa laini, hilo lisimtoe kwenye foleni, lisihesabike kabisa. Kipimo kitumike kumharakisha mtu, kisitumike kumrudisha nyumbani. Waliofanya utafiti wa mwaka 2012 walikwenda njia nyingine kwa sababu waliishi kwenye tatizo jingine.

Nani atashika probu? Madaktari bingwa wa radiolojia hawatoshi na hawatatosha kwa muda. Mfano wa karibu uko Rwanda. Katika hospitali ya Butaro, wilayani Burera, yenye kituo cha saratani kilichofunguliwa mwaka 2012, wauguzi na madaktari wa kawaida walifundishwa utrasaundi ya titi, picha zao zikawa zinapitiwa na wataalamu wa radiolojia walioko Boston. Walijifunza kutenganisha kifuko cha maji na uvimbe wa nyama, na waliohitaji kuchukuliwa kinyama wakafanyiwa hapo hapo. Hakuna elastografia katika simulizi hiyo. Ni probu bapa, mafunzo, mtu wa kuangalia kazi yako, na sindano kwenye chumba kile kile.

Mpango wa namna hiyo Sengerema au Nansio ungebadilisha mambo kwa pande zote mbili za kanuni niliyoanza nayo. Mwenye kivimbe kinachouma angetolewa maji siku hiyo hiyo, asisafiri kabisa, na kiti chake kwenye foleni ya Bugando kikawa cha mwingine. Na wodini au kilabuni, yule aliyepona kwa dakika kumi ndiye angewaambia wenzake kuwa chumba cha matiti kipo na hakitishi, maneno ambayo bango la Oktoba, mwezi wa kampeni za saratani ya matiti, haliwezi kuyasema kwa uzito ule. Wenye uvimbe usiouma humsikiliza mtu wa namna hiyo.

Iliyobaki ni suala la ununuzi, na hapo maneno makubwa huisha. Halmashauri inayoandika maombi ya mashine mpya ya utrasaundi ianze na probu bapa, kisha fundi wa kuitengeneza aliye karibu kuliko Dar es Salaam, kisha sindano za kuchukulia kinyama na formalini ya kukihifadhia, kisha utaratibu wa kukifikisha maabara na kurudisha majibu kwa simu. Elastografia ikija ndani ya bei hiyo hiyo, ipokelewe, na ripoti zake zihifadhiwe pamoja na jibu la patholojia la kila mgonjwa, maana baada ya miaka miwili mitatu daftari hilo ndilo litakaloonyesha mpaka wa kilopaskali unaofaa wanawake wa kanda hii. Ikitakiwa kulipiwa peke yake, isubiri.